Madume wageni wameua watoto wa kundi la Ndutu: kwa nini hakuna anayewazuia?

*"Mtaalamu, mimi ni dereva mwongoza watalii, huu ni msimu wangu wa tatu. Kuna kundi la simba pale Ndutu, kusini mwa Serengeti, nimelifuatilia tangu nianze kazi: majike sita, madume wawili wazee, vijana wawili wa kiume wa miaka miwili na ushee, na watoto watano wa miezi kama mitano. Februari hii walitokea madume watatu wageni. Wale wazee wametoweka, vijana wametoweka, na ndani ya wiki mbili watoto wote watano wameuawa, wawili mbele ya macho yetu. Wageni wangu walilia. Mmoja aliniuliza kwa nini askari hawawapigi risasi 'wauaji' wale, au angalau kuwahamisha, nikakosa la kumjibu. Kilichonichanganya zaidi, siku chache baadaye nilimwona mama wa wale watoto akipandwa na dume yule yule aliyewaua. Huu si wazimu? Na kuna jingine. Mjomba wangu ana boma upande wa Ngorongoro. Anasema simba dume wawili wanazunguka karibu na mifugo usiku, na vijana wa pale wanataka kuwamaliza. Anadhani ni wale wazee wamefukuzwa wakakosa chakula. Nimwambie nini?"*

Pole, ndugu yangu. Kundi ulilolitazama kwa misimu mitatu linakuwa kama jirani, na mtu hazoei kumkuta jirani yake kavunjikiwa nyumba. Mimi nimekaa na simba miaka mingi na bado kuna jambo moja silivumilii vizuri: jike anaporudi mahali alipoacha watoto, akaita kwa ile sauti ya chini ya kooni, akasikiliza, akaita tena. Kwa hiyo usione aibu kwamba ulikosa jibu mbele ya wageni.

Umeuliza mengi, lakini mzizi wake ni mmoja, nao ni muda. Dume wa simba ana muda mfupi mno wa kuwa baba, mfupi kuliko watu wengi wanavyodhani.

Tuanze na nani mwenye kundi. Tumezoea kusema "yule simba na majike zake", kana kwamba dume ndiye kaoa na majike wamehamia kwake. Ni kinyume chake. Kundi ni la majike: mama, mabinti, dada, mama wadogo, wote wa ukoo mmoja wa kike. Eneo wanalolishikilia, pamoja na mabwawa na vichaka vya kufichia watoto, wanarithishana kizazi hadi kizazi. Binti wengi hubaki walikozaliwa. Wengine hutoka kwa pamoja na kuanzisha kundi jirani. Serengeti kundi linaweza kuwa na majike wawili tu, au likafika 18. Madume ni wapangaji. Kodi yao ni ulinzi, na upangaji wenyewe kwa wastani hudumu kama miaka miwili hivi, wakati mwingine chini ya hapo, mpaka watokee wapangaji wengine wenye nguvu zaidi. Wale wazee wako wawili uliwakuta msimu wa kwanza na wamefika huu wa tatu. Hawakufanya vibaya hata kidogo.

Kila dume huzaliwa ndani ya kundi na kila dume hutoka. Wakiwa na umri wa miaka miwili hadi mitatu, ama baba zao wanaanza kuwachoka, ama madume wageni wanawafukuza, na hapo maisha ya uzururaji yanaanza. Mwaka, miaka miwili, wanapita kwenye mipaka ya maeneo ya wenzao, hawangurumi ovyo, wanakula mizoga, wananyang'anya fisi, na wanawinda wenyewe. Hili la mwisho nalisisitiza kwa sababu bado nasikia waongozaji wakiwaambia wageni kwamba dume hawindi, anangoja kuletewa. Dume ndani ya kundi hula sana cha majike, kweli. Lakini dume asiye na kundi angekuwa anangoja kuletewa, angekufa ndani ya mwezi. Wanavizia vichakani, na kwa nyati wana kifua kuliko majike.

Katika kipindi hicho cha uzururaji ndipo muungano wa madume unapoundwa, au unapokomaa. Na hapa kuna dhana nyingine ya kurekebisha: kwamba madume wanaotembea pamoja ni ndugu wa tumbo moja. Mara nyingi ni ndugu, ama wa baba ama wa mama, waliokua pamoja. Lakini si lazima. Simba wa Serengeti wamefuatiliwa tangu mtafiti George Schaller alipoanza kazi yake mwaka 1966, na kuanzia 1978 watafiti wenzake Craig Packer na Anne Pusey waliendelea na utafiti huo kwa miongo kadhaa. Walipokuja kupima vinasaba, wakachapisha matokeo mwaka 1991, ilionekana kwamba miungano ya wawili au watatu mara nyingi ina mtu baki ndani yake, ila miungano mikubwa, ya wanne na kuendelea, ni ya ndugu watupu.

Sababu yake ni hesabu tu. Wakiwa wawili, kila mmoja hupata majike wa kutosha na huwa baba wa watoto wa kutosha. Wakiwa sita au saba, wawili watatu ndio huzalisha watoto wengi, waliobaki wanapigana vita ambavyo faida yake inaenda kwa wengine. Kama huyo mwingine ni kaka yako, damu ni ile ile, si hasara kamili. Kama ni mtu baki, umepoteza. Kwa hiyo dume asiye na ndugu hutafuta mwenzake mmoja kama yeye, na hapo hupatikana jozi ambayo ukiitazama utaapa ni mapacha. Mimi mwenyewe nilipokuwa mgeni kazini niliandika "mapacha" kwenye daftari langu kuhusu jozi moja, kwa wino, tena nikapigia mstari. Hawakuwa na nasaba yoyote. Wanasuguana vichwa, wanalala miguu imepishana, na mmoja akinguruma mwingine anaitikia.

Tena wanalindana bila masharti. Watafiti waliwahi kuweka spika vichakani Serengeti na kupiga ngurumo za madume wageni ili waone wenyeji watafanya nini. Wenyeji walikwenda kuikabili sauti hata mwenzao alipokuwa hayupo pamoja nao, na hapakuwa na tofauti kati ya wenye undugu na wasio nao. Dume peke yake hana maisha. Wawili hupata kundi, watatu hulipata mapema zaidi na kulishikilia muda mrefu zaidi. Ndiyo maana sikushangaa uliposema wazee wawili wameondolewa na wageni watatu. Huko Sabi Sand, Afrika Kusini, muungano wa madume sita walioitwa Mapogo ulitawala eneo kubwa kwa miaka kadhaa kuanzia 2006, na nguvu yao ya kwanza ilikuwa hiyo idadi.

Sasa twende kwenye watoto.

Jike anayenyonyesha haingii joto. Watoto wakiishi, atakaa karibu miaka miwili kabla hajazaa tena, maana watoto wa simba huchelewa kujitegemea. Watoto wakifa, mwili wake unafunguka ndani ya siku chache. Chukua nafasi ya dume aliyeingia Februari hii. Ana miaka miwili ya upangaji mbele yake, pengine chini ya hapo. Akiwaacha wale watoto watano wakue, atawalinda kwa jasho lake, nao si wake, na mama zao wakija kuwa tayari kubeba mimba yake, muda wake wa upangaji utakuwa unakwisha. Mimba ya simba ni siku kama 110, halafu watoto wanahitaji karibu miaka miwili ya ulinzi. Ukijumlisha utaona kwamba hata dume anayeanza leo leo hana nafasi ya kupoteza. Madume waliosubiri kwa upole hawakuacha watoto wa kurithi upole wao. Walioacha watoto ni wale wengine, na hao watatu wa Ndutu ni wajukuu zao.

Hakuna hasira katika jambo hili, wala uchu wa kuua. Hao hao watatu, ukirudi mwakani, utawaona wamelala watoto wakiwatafuna mikia na kuwakanyaga usoni, na wao wanapiga miayo. Hawajageuka kuwa wema; watoto watakuwa wao. Dume haonekani kuwatambua watoto wake mmoja mmoja. Anachojua ni kwamba amekuwa na majike hawa muda wa kutosha. Kwa wastani, mauaji ya namna hii husababisha takriban robo ya vifo vya watoto wa simba katika mwaka wao wa kwanza. Robo tatu iliyobaki ni njaa, fisi, nyati, magonjwa na mengineyo, lakini hayo hayatokei mbele ya magari kumi yenye kamera.

Na yule mama? Neno "wazimu" ningeliondoa. Kwanza, usidhani majike walikaa tu. Mara nyingi hupigana, na wanaopigana wakiwa kundi huokoa watoto zaidi kuliko jike aliye peke yake. Ndiyo maana majike waliozaa karibu karibu huwaweka watoto wao pamoja na kuwanyonyesha kwa zamu zisizo na mpangilio. Watu husema ni kwa ajili ya kusaidiana uwindaji, lakini kinachowabana zaidi ni ulinzi dhidi ya madume wageni. Masikio yao nayo yanafanya kazi. Katika majaribio yale ya spika, majike wenye watoto waliposikia ngurumo za baba wa watoto wao waliendelea kulala. Waliposikia za wageni walisimama, wakawakusanya watoto na kuondoka. Ngurumo husafiri hadi kilomita nane usiku mtulivu. Majike wako walijua kwamba wageni wako jirani pengine wiki kadhaa kabla yako.

Lakini vita ikishapotea imepotea, na jike naye ana miaka yake. Uzazi wake wote, ukihesabu watoto wanaofika utu uzima, ni mdogo. Kukaa akimnunia dume kwa miaka miwili hakumrudishii kitu. Kuna jambo la ajabu hapa ambalo waongozaji wengi hawalijui: baada ya mapinduzi, majike huingia joto mara kwa mara na kupandwa kila baada ya dakika ishirini au thelathini kwa siku kadhaa mfululizo, lakini kwa kiasi cha miezi mitatu hawashiki mimba. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba wanawapima. Kama madume hawa ni dhaifu, wengine watavutwa na harufu ile na kuja kuwaondoa, na ni heri mageuzi hayo yatokee sasa kuliko watoto wakishazaliwa. Niliwahi kuandika kwamba jike fulani "amemkubali" dume mgeni. Siku mbili baadaye nilimkuta kilomita nne kutoka hapo, kwenye korongo, ananyonyesha watoto wawili ambao dume yule hakujua kama wapo. Tangu siku hiyo neno "kukubali" silitumii.

Kama madume hawa watatu watashikilia, tegemea watoto kuanzia Septemba au Oktoba. Na kwa kuwa majike wote wameanza upya kwa wakati mmoja, watazaa karibu kwa wakati mmoja, watalea pamoja, na vijana wa kiume wa mkupuo huo watatoka pamoja. Hivyo ndivyo muungano mkubwa wa kesho unavyopatikana.

Kuhusu kuwapiga risasi au kuwahamisha, nitakuwa mkweli kwako, ukimjibu mgeni umjibu hivi bila kuzunguka. Ukiwaua watatu, eneo halibaki tupu. Wanakuja wengine, na wanakuta majike wale wale, pengine tayari na watoto wachanga wa hao uliowaua, na mauaji yanaanza tena. Umeongeza vifo, hujapunguza. Ukiwahamisha, unawapeleka wapi? Kila mahali penye mawindo mazuri pana wenyewe, na simba aliyehamishwa ama huuawa na wenyeji, ama hurudi, ama huangukia kwenye mifugo. Nimeona ikifanyika na sijaona ikileta nafuu kwa simba wa namna hii. Yapo mazingira ambamo kuhamisha kuna maana, kwa mfano kupeleka simba kwenye hifadhi isiyo nao kabisa. Kumaliza ugomvi wa kundi si mojawapo.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyobadilisha uwindaji wa kitalii. Ndani ya hifadhi za taifa na eneo la Ngorongoro hakuna uwindaji huo, lakini kwenye mapori ya akiba upo. Ilionekana wazi kwamba ukimtoa dume kijana mwenye watoto, hujatoa simba mmoja. Umetoa na watoto wake wote, maana mwenzake aliyebaki hawezi kulinda peke yake. Kutokana na hilo Tanzania iliweka sharti la simba anayewindwa kuwa na miaka sita au zaidi, umri ambao walau amepata muda wa kukuza watoto. Njia mojawapo ya kukadiria umri ni pua: kijana ana pua ya waridi, kisha hutokea madoa meusi, na kadiri anavyokua weusi unaitawala pua. Ishike hiyo, tutaihitaji hivi punde.

Mkono wa binadamu una haki ya kuingia pale ambapo mkono wa binadamu ndio ulioanza. Simba mwenye waya wa mtego shingoni, huyo anatibiwa, na daktari wa wanyamapori ataitwa. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi unaoshambulia mbwa, uliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti, wapatao elfu moja, na chanzo kilihusishwa na mbwa wa vijijini. Hapo kuchanja mbwa ni kazi yetu. Sumu kwenye mzoga ni yetu. Dume kumuua mtoto wa dume mwingine si yetu, hata kama inatuuma.

Umeuliza wazee wako wapi. Huenda wamekufa. Dume aliyepinduliwa hupata majeraha, na umri ukishapita miaka minane au tisa hana tena uwezo wa kuanza upya. Utakumbuka Bob Junior, simba wa Serengeti aliyepigwa picha kuliko wengine wote, aliyetawala muda mrefu pamoja na ndugu yake. Mwaka 2023 madume vijana walimmaliza. Dume kufa kwa uzee akiwa amelala kivulini ni jambo la nadra sana. Kama wako wako hai, watakuwa pembezoni, wamekonda, wakiishi kwa mizoga.

Ndiyo maana ningekuwa mwangalifu kabla ya kumwambia mjomba kwamba wanaozunguka boma lake ni wao. Inawezekana. Lakini umesema mwenyewe kwamba na vijana wawili wametoweka siku hizo hizo. Wana miaka miwili na ushee, umri kamili wa kufukuzwa, hawajui nchi, hawajawahi kuangusha nyati, na wamekimbilia ambako hawasikii ngurumo. Ambako hawasikii ngurumo za simba mara nyingi ndiko kuna ng'ombe. Mimi ningeweka dau langu kwao. Wazee huwa na manyoya ya shingoni yaliyojaa na makovu usoni. Vijana wana ushungi mfupi kichwani na vishungi vya kifuani visivyokutana, na pua bado ya waridi.

Tofauti hiyo si ya udadisi tu. Wazee wawili wamemaliza kazi yao duniani. Vijana wawili ni muungano unaoanza, na upande huo wa Ngorongoro wanaweza kuwa na thamani kuliko mjomba anavyofikiri. Mwaka 1962, baada ya mvua kubwa, nzi wang'atao waliwashambulia simba wa kreta, lile bonde la Ngorongoro, mpaka wakabaki wapatao kumi. Baadaye waliingia madume wachache kutoka nje, kisha mlango ukafungwa kwa miaka mingi: waliokuwa ndani waliongezeka, miungano yao ikawa na nguvu, na wageni hawakuweza kuingia. Simba wa kreta wakaishia kuwa uzao wa mababu wasiozidi kumi na tano hivi, na kuzaana ndugu kwa ndugu kukaonekana hata kwenye mbegu za madume. Damu mpya haina njia nyingine ya kufika kule isipokuwa kwa miguu ya vijana kama hao wawili, nao ni lazima wapite kwenye nchi ya wafugaji wakiwa hai.

Najua ng'ombe wa mjomba si somo la vinasaba. Kwa hiyo mwambie haya, kwa utaratibu huu. Leo, si kesho, atoe taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa mamlaka ya Ngorongoro, au kwa afisa wanyamapori wa wilaya kama boma liko nje ya eneo la mamlaka. Kama kuna Ilchokuti karibu, wale vijana wa Kimaasai wanaofuatilia simba na kuwatahadharisha wafugaji, awaite hao kwanza. Wanafika haraka na wanajua kuwasukuma simba bila kumwaga damu. Mifugo iingie kabla jua halijazama, na wachungaji wasiwe watoto wadogo kwa wiki hizi. Zizi la miiba lizibwe matundu na kuinuliwa, hasa upande ambao ng'ombe wakishtuka husukumia, kwa sababu mara nyingi simba haingii: ng'ombe wanavunja na kutoka, wanamkuta nje. Waya wa uzio uliofungwa kwenye miti hai inayochipua umesaidia sana kwenye nyika za Umaasai, ila unagharimu na hautajengwa kwa siku moja. Taa za kumetameta husaidia kwa muda, simba wakizizoea zinakuwa mapambo.

Kuhusu vijana wanaotaka kuwamaliza, mjomba anajua kuzungumza nao kuliko mimi. Aseme tu hili: simba wawili wakijeruhiwa wakakimbia, boma litakuwa na simba wanaochechemea, wasioweza kufukuza pundamilia, na hao ndio hatari. Na mtu asiweke sumu kwenye mzoga kwa hali yoyote. Sumu haichagui simba. Itaua tumbusi, fisi, mbwa wa nyumbani, na mtoto aliyeshika nyama. Wakikuta mzoga wanaoushuku kuwa na sumu, wasiuguse, wasiuchome wenyewe, wauzungushie alama na kuita askari. Mfugo ukiuawa, mzoga usiondolewe hadi ukaguliwe, picha zipigwe na nyayo zifunikwe kwa sufuria au ndoo, kwa sababu bila ushahidi hakuna kifuta jasho. Hata ukiwepo hakitafika haraka wala hakitalingana na thamani ya ng'ombe, na sitamdanganya mjomba wako kuhusu hilo.

Simba akionekana karibu na watu mchana kweupe, au asipoondoka kwa kelele, au akianza kuwafuata watu badala ya mifugo, hapo maelezo yangu yamekwisha. Hiyo ni kazi ya askari wa wanyamapori usiku huo huo. Na mtu akikwaruzwa au kuumwa, hata jeraha likionekana dogo, aende hospitali mara moja. Kucha na meno ya simba yana uchafu wa nyama iliyooza na kidonda hufunga juu huku kinaoza ndani.

Nina ombi moja kwako. Kila simba ana safu za madoa pale ndevu zake zinapootea, na hakuna wawili waliofanana kwa mpangilio wa madoa ya safu ya juu, kushoto na kulia. Watafiti wanawatambua hivyo tangu zamani, kabla ya vinasaba. Mwombe mjomba, au Ilchokuti atakayefika, apige picha ya uso kwa ubavu, hata kwa simu, akiwa mbali na ndani ya gari. Je, picha ulizowapiga wale vijana wakiwa wadogo, msimu wako wa kwanza, bado unazo?